Mvua na Maji ya Shimo la Zamani

Mgodini kulikuwa na mwanamke mmoja tu aliyeendesha gari kubwa, na madereva wote walimwita Mvua. Jina alilipata kwa kazi yake. Aliendesha boza la maji, lile gari refu lenye tangi mgongoni na mabomba ya kunyunyizia nyuma, na kila alikopita vumbi lililala, barabara ikabaki nyeusi na kunukia udongo mbichi. Nyumbani alikuwa Mama Pacha. Mtaani alikuwa mkwe wa bibi wa bombani. Lakini ungefika getini ukamtaja kwa jina la kwenye kitambulisho chake, mlinzi angekuuliza unamtafuta nani.

Hakuanzia kwenye usukani. Alianzia chumba cha kufulia, akifua ovaroli za wachimbaji zilizokuja zimekauka kwa tope hadi zinasimama zenyewe. Chumba hicho kilikuwa nyuma ya gereji, na mafundi walipokosa mtu wa kusogeza gari hatua mbili tatu, walimwita yeye kwa kuwa alikuwa karibu na hakuwa na maringo. Alijifunza kwa kutazama, kisha kwa kuiba iba, mwishoni kwa ruhusa. Siku aliyorudi na leseni mumewe aliigeuza geuza kama mtu anayekagua noti bandia, akacheka, akambeba juu juu mbele ya watoto.

Nafasi ya dereva wa boza ilipotokea, akaenda kujaribu. Msimamizi wa magari alikuwa mtu mfupi mwenye sharubu zilizochongwa vizuri, na neno lake la kwanza kwa kila ombi lilikuwa hapana. Madereva walimbatiza Breki. Alisimamisha mapipa mawili matupu uwanjani, akamtaka kila aliyekuja kujaribiwa arudi nyuma na boza na kupita katikati. Mvua aligusa pipa moja, likaanguka. Breki akasema hapana. Mvua hakubisha, aliomba tu akae pembeni awaone wenzake. Aliyemfuata aliyaangusha yote mawili. Aliyekuja baadaye alilipanda pipa moja kwa gurudumu la nyuma, likawa bapa kama sinia. Majaribio yalipokwisha Breki alimpa funguo bila kumtazama, akamwambia asije akajiona.

Hakujiona, lakini aliipenda kazi ile kama mtu anavyopenda nguo iliyomkaa vizuri. Asubuhi alijaza tangi, akashuka barabara za shimoni zinazozunguka kama ngazi za mnara, akinyunyiza mbele ya madampa, yale malori makubwa ya kubebea mawe ambayo gurudumu lake moja linampita mtu kimo. Kwenye redio ya upepo utani haukukoma. Huyu alilalamika kwamba kwao bado kiangazi, yule akaomba apangiwe manyunyu tu kwa kuwa ameosha kioo. Mumewe naye alikuwa dereva wa dampa, na yeye ndiye pekee aliyekatazwa kutania, maana alipotania yeye, wengine walijibu mambo ya nyumbani.

Maji yote ya mgodi yalitoka kwenye bwawa lililokuwa nyuma ya vilima. Bomba moja nene liliyaleta hadi kwenye tangi kubwa la chuma juu ya kilima, yakasafishwa, kisha yakagawanywa. Sehemu ilikwenda kwenye mtambo wa kusaga mawe, sehemu kwa wachimbaji, sehemu ikajaza boza. Bomba jembamba lilitelemka hadi nje ya uzio, kwenye mtaa wa nyumba za tofali na mabati walikoishi wafanyakazi na ndugu zao. Huko kulikuwa na bomba la umma lenye koki nne, na mtaa mzima ulichota hapo.

Nyumba iliyokuwa karibu zaidi na bomba ilikuwa ya mama mkwe wake Mvua. Mama huyo aliliona bomba lile kama mali ya ukoo. Kiti chake kilikuwa kibarazani, macho yake kwenye koki, na hakuna aliyeoa, aliyefiwa, aliyegombana wala aliyenunua ndoo mpya bila yeye kujua. Hakuwa mbaya. Alikuwa na mdomo, na mdomo wake haukuwa na likizo.

Mwaka uliofuata mvua za kweli hazikuja. Msimu mmoja ukapita watu wakisema zimechelewa tu. Wa pili ukapita, wakaacha kusema. Bwawa likaanza kuonyesha tumbo lake, matope yaliyopasuka pasuka pembezoni, kisha visiki vya miti ambayo hakuna aliyekumbuka kuwa iliwahi kuwepo. Mhandisi wa maji, kijana mrefu aliyefunga miwani yake kwa kamba isije ikadondoka, alikwenda huko kila mara kupima, na kila aliporudi alikuwa mpole zaidi. Mwishowe uongozi ukawaita wafanyakazi uwanjani na kutangaza mgawo. Bomba la mtaani lingefunguliwa asubuhi tu. Boza lingepunguziwa safari zake hadi nusu.

Hapo ndipo nyumba ya Mvua ilipogeuka baraza la malalamiko.

Mumewe alirudi kutoka kazini macho mekundu, kope zimekuwa nyeupe kwa vumbi kama mzee. Mwanzoni alifanya mzaha, akisema sasa anaendesha kwa kunusa. Siku moja alirudi asiseme mzaha wowote. Alikaa mezani, akamiminiwa chai, akaikoroga muda mrefu kabla hajatia sukari.

"Pale kwenye kona ya chini," alisema, "tumekutana uso kwa uso, mimi na mwenzangu. Nilidhani mbele kuna wingu la vumbi tu. Kumbe ndani ya wingu kuna dampa."

Mvua alimuuliza walikuwa karibu kiasi gani. Mumewe alifikiri, akasema angeweza kunyoosha mkono akamrekebishia mwenzake kioo. Kisha akanywa chai yake, na mbele ya mkewe mazungumzo hayo hakuyarudia tena.

Kwa mama mkwe mambo yalikuwa mengine. Foleni ya ndoo ilianza kabla ya jua, ikapinda ikaingia mpaka kwenye uchochoro. Watu waliojuana tangu utoto walisukumana. Mwanamke mmoja aliyejulikana mtaani kwa upole alimpiga jirani yake kwa kifuniko cha dumu, kisha akalia kuliko aliyepigwa. Koki zilipofungwa wengi walibaki na ndoo nusu, na barabara ya mgodi ilipita hapo hapo, nyuma ya uzio. Kwa hiyo waliosimama na ndoo zao kavu waliliona boza la Mvua likipita polepole, likimwaga maji mazuri juu ya changarawe.

Jumapili moja Mvua alimpelekea mama mkwe mboga. Mama mkwe alizipokea, akamkaribisha, akamwambia akae. Hakuinua sauti.

"Mwanangu, mimi sina ugomvi na kazi yako. Ila nikikuona unamwaga barabarani maji ambayo sisi tumeyakosa kunywa, najiuliza nani amekuroga."

Mvua alitaka kumweleza habari ya kona ya chini, ya chai iliyokorogwa bila sukari, kwamba vumbi lile lingeweza kumuua mtoto wa mama huyo mwenyewe. Lakini angesemaje hayo bila kumtisha mzazi? Akaosha vyombo, akaaga. Njiani aliona aibu, na alichokionea aibu zaidi ni kwamba wote wawili, mume na mama mkwe, walikuwa na haki, na katikati yao alikuwa yeye na tangi moja.

Alijaribu kufanya ujanja. Alipunguza matundu ya kunyunyizia, akaendesha polepole zaidi, akalowesha kona na miteremko tu na kuacha sehemu zilizonyooka. Ilisaidia kidogo, lakini jua lilikuwa likikausha nyuma yake haraka kuliko alivyoweza kurudi. Basi siku moja adhuhuri, akiwa ametoka kujaza tangi, alipita karibu na bomba la umma na kuwakuta kina mama wamekaa chini karibu na koki zilizofungwa, hawana hata hamu ya kusengenya. Moyo ukamshinda. Alisimamisha boza kwenye uzio, akapitisha mpira kati ya nyaya, akafungua. Madumu yalijaa moja baada ya jingine, watu wakamwombea dua, watoto wakaloweshana. Mama mkwe alisimama kibarazani amejishika kiuno kama aliyelizaa boza lenyewe.

Alipogeuka kurudi kwenye usukani, gari la Breki lilikuwa limeegeshwa nyuma yake. Haikujulikana alikuwa hapo tangu lini. Breki alishuka, akatazama matope, akatazama tangi lililobaki tupu, akanyoosha mkono apewe funguo. Kesho yake Mvua alikuwa amerudi kwenye chumba cha kufulia.

Boza wakampa kijana mwenye nguvu na haraka nyingi. Huyo alifungua mabomba yote kwa pamoja, akamaliza tangi zima kwenye mteremko mmoja, na madampa mawili yakateleza juu yake kama vipande vya sabuni, moja likaishia limelalia tuta la pembeni. Hakuna aliyeumia, ila dereva wake alishuka akakaa juu ya jiwe muda mrefu, akikataa hata kupewa maji. Baada ya hapo boza lilikaa uwanjani bila mwenyewe, na vumbi likatawala.

Mvua alikuwa akisugua ovaroli mhandisi wa maji alipoingia. Alimwamkia shikamoo, maana Mvua alikuwa rika la mama yake mdogo, akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake. Mvua alidhani amekuja kumtetea au kumgombeza. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimweleza tu, taratibu, kwamba bomba la mtaani na boza vinachota kwenye tangi moja pale kilimani, na kwamba yeye huligawa tangi lile jioni kwa ajili ya kesho yake.

"Maji uliyowapa siku ile, mama, yalikuwa ya barabara, ikabidi boza lijazwe tena kwa yale waliyotakiwa kuchota asubuhi iliyofuata. Ndiyo maana koki zilichelewa kufunguliwa."

Mvua aliacha kusugua. Alikumbuka kwamba alisikia habari ya kuchelewa huko, akawalaani wanaohusika. Sasa alikaa kwenye benchi na povu mikononi, akajicheka, ila kicheko hicho hakikuwa na utamu. Mhandisi akasubiri kiishe, ndipo akasema lililomleta.

Upande wa magharibi wa mgodi kulikuwa na shimo la zamani, lililoachwa tangu enzi za kampuni iliyotangulia. Maji ya ardhini yalikuwa yamelijaza mpaka nusu, na huko chini hayakuathiriwa na kiangazi. Mhandisi alikuwa ameyapima. Yalikuwa machungu, yamejaa chuma cha mawe, hayafai kunywa wala kupikia. Lakini barabara hainywi. Boza likichota huko, fungu lake lote la maji safi lingebaki kwenye tangi la kilimani, na bomba la mtaani lingefunguliwa tena mchana. Alikuwa ameagiza pampu na mabomba ya kuyapandisha, na vifaa hivyo vingechukua miezi kufika. Kwa sasa kulikuwa na njia moja, nayo ni boza kushuka lenyewe. Barabara ya kushukia ilikuwa nyembamba, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine hewa. Chini hakukuwa na nafasi ya kugeuza gari. Dereva angelazimika kushuka kinyumenyume, tangi likiwa tupu, na kupanda kwa mbele akiwa na mzigo.

Alikuwa amewauliza madereva wengine. Mmoja aliumwa mgongo ghafla. Mwingine alimwambia ana watoto.

"Na mimi ninao," Mvua alisema. "Nataka kuiona kwanza hiyo njia, kwa miguu."

Walikwenda watatu, maana Breki alijileta mwenyewe bila kualikwa. Njia ilikuwa imeota nyasi na vichaka, na mahali pengine ukingo ulikuwa umemeguka. Mvua alitembea katikati, akageuka akatembea kinyumenyume, akipima kwa macho kona zingekaa wapi kwenye vioo vyake. Chini kabisa maji yalitulia, rangi ya chai iliyokolea. Breki alipiga teke ukingo, akaangalia kokoto zikiporomoka na kusikiliza zinavyotumbukia. Akasema hapana. Mhandisi alianza kueleza tena habari za bwawa. Breki akamkatiza, akasema hapana kwa njia kama ilivyo, ila hajasema hapana kwa njia itakavyokuwa.

Hapo Mvua alimwona Breki ambaye hakuwahi kumwona. Mtu huyo alileta greda, akasimamia ukataji wa vichaka hadi sharubu zake zikawa nyekundu. Aliwafanya wajenge tuta la mawe upande wa hewa, urefu wa kiuno, njia nzima. Chini karibu na maji aliweka kizuizi cha mawe makubwa ili gurudumu la nyuma likifika liguse na kusimama. Vijana walipolalamika kwamba kazi imezidi, aliwauliza ni nani kati yao yuko tayari kwenda kumweleza Baba Pacha. Wakaendelea kubeba mawe.

Baba Pacha mwenyewe aliambiwa na mkewe wakiwa jikoni. Hakukataza, hakuruhusu. Aliuliza maswali ya kidereva, gia gani, taya za breki zilibadilishwa lini, nani atasimama nyuma kuongoza. Kisha akatoka nje, akaosha kandambili zake ambazo hazikuwa chafu.

Siku ya kwanza ya kushuka, nusu ya mgodi ilipata sababu ya kupita upande wa magharibi. Breki aliwafukuza wote. Akabaki yeye nyuma ya boza, na redio mkononi, na mhandisi chini kabisa karibu na maji. Mvua alipiga moyo konde, akaweka gia ya kurudi nyuma, akaanza. Kwenye kioo cha kulia aliona ukuta wa mwamba. Kwenye cha kushoto aliona tuta, na nyuma ya tuta hakuona kitu. Aliamua kutokitazama kile kisichokuwepo. Alitazama mawe ya tuta, moja baada ya jingine, kama mtu anayesoma herufi. Kona ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita, jasho likimwingia machoni. Akaanza kujiambia kwamba mbona ni kama yale mapipa tu, mapipa mengi yaliyopangwa mstari.

Karibu na mwisho udongo ulikuwa na unyevu ambao hakuna aliyeuona juu yake. Gurudumu la nyuma lilizama upande mmoja na boza likainama. Mvua alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Magurudumu yakakaza, na gari, badala ya kusimama, likaanza kuserereka taratibu kuelekea kwenye tuta, zito na kimya kama ng'ombe aliyeamua njia yake.

Sauti ya Breki ikaja redioni, tulivu kabisa, kama mtu anayeagiza chai.

"Mvua. Achia breki."

Mwili wake wote ulikataa. Mguu uliganda pale pale.

"Magurudumu yakizunguka utaliongoza. Yakikaza linakuongoza lenyewe. Achia kidogo tu, usukani kulia. Mimi niko hapa, nakuona."

Akaachia. Kwa kitambo kifupi aliamini ameachia roho yake pamoja na breki. Kisha akahisi usukani ukiwa hai tena mikononi, akauvuta kulia, boza likanyooka, likashuka kipande kilichobaki na kugusa mawe ya kizuizi kwa mgongano mdogo. Likasimama. Mvua alizima injini akakaa. Alipotazama kiooni alimwona Breki ameegemea ukuta wa mwamba, kofia ngumu mkononi, akijifuta uso kwa kitambaa kilicholowa. Mhandisi alikuwa amekaa chini matopeni bila kujali suruali.

Walipoanza kufyonza maji, Breki alimkatalia kujaza tangi zima. Nusu tu, akasema, na safari hii hakuna aliyeona neno lake lina ubishi. Kupanda kulikuwa kwa kelele na moshi lakini hakukuwa na la ajabu, na Mvua alipofika juu alipiga honi ndefu ambayo kwa kawaida hairuhusiwi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya chini ya mgodi. Maji yakatoka yamekolea, yakapaka barabara rangi ya matofali, vumbi likalala kama kawaida. Dampa la mumewe lilikuwa linasubiri mwanzoni mwa kona. Redioni mumewe alikuwa na haki ya kusema lolote siku hiyo, na wote walisikiliza. Alisema tu kwamba anaona mpaka mwisho wa barabara.

Bomba la mtaani likafunguliwa mchana, na foleni ikafupika hadi watu wakapata nafasi ya kuzungumza. Mama mkwe aliposikia maji yametoka wapi, hakuamini kwamba kuna maji mengi kiasi hicho ambayo hayanyweki. Kwake hiyo ilikuwa njama ya mgodi. Mvua alimweleza, mhandisi akaja kuweka kibao cha onyo ubavuni mwa boza, hata mwanawe akamwambia. Mama akaitikia wote vizuri. Siku iliyofuata, boza lilipopumzika karibu na uzio, alimtuma jirani amzungumzishe Mvua kuhusu bei ya sare za shule, naye akaenda upande wa nyuma wa boza, akapenyeza ndoo kati ya nyaya, akakinga matone ya koki hadi ikajaa. Hakuyanywa, kwa kweli hofu kidogo alikuwa nayo. Aliyafulia mashuka yake meupe, yale ya wageni.

Yalitoka na rangi ya kutu. Aliyafua tena kwa sabuni zaidi, yakakolea. Kwa kuwa alikuwa mtu asiyeshindwa, aliyaanika mbele ya nyumba bila kujificha, na kila aliyeuliza alijibiwa kwamba ameamua kuyatia rangi, nyeupe imepitwa na wakati. Jirani mmoja akauliza rangi hiyo inapatikana duka gani. Mvua alipopita na kuyaona yakipepea, alisimamisha gari, akalaza kichwa kwenye usukani, akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Mama mkwe alimtazama kwa heshima yote ya uso wake, halafu naye midomo ikaanza kumcheza, na wakacheka wote wawili, mmoja ndani ya boza, mwingine kibarazani, uzio katikati. Tangu hapo hakuna mtu mtaani aliyethubutu kugusa maji ya barabara. Mashuka yale yalifanya kazi ambayo kibao hakikuiweza.

Jioni hiyo mama mkwe alikuja nyumbani kwa Mvua, jambo ambalo halikuwa kawaida, akachagua kiti kilichokuwa karibu na mlango. Alisema mwanawe amemweleza habari ya kona ya chini, ile ya dampa ndani ya wingu. Alisema ilifaa aambiwe mapema. Mvua akajibu kwamba hakutaka kumtia hofu.

"Mimi nimezaa na nimezika," mama mkwe alisema. "Hofu naijua. Wakati mwingine nipe tu, tuigawane."

Kisha akaomba chai, akailalamikia sukari, na mambo yakarudi kama zamani.

Mvua alishuka shimo lile kiangazi chote, na baada ya muda akawafundisha wengine wawili, mmoja wao binti aliyetoka naye chumba cha kufulia. Breki aliwasimamia kila mmoja kwa ukali ule ule. Mvua za kweli zilipokuja zilikuja kwa fujo, bwawa likafunika visiki vyake, na pampu nayo ikafika, ikafungwa juu ya boya katikati ya shimo, mabomba yakapandishwa hadi kwenye stendi ya kujazia huko juu. Wengine walitaka barabara zirudi kwenye maji ya bwawa kwa kuwa sasa yapo. Mhandisi alikataa na uongozi ukakubaliana naye. Barabara zingenywa machungu daima, mwaka wa mvua na mwaka wa jua, na bomba la mtaani likaongezwa koki.

Njia ya kushukia ikafungwa kwa mnyororo. Mvua hakutegemea kwamba jambo hilo lingemgusa, lakini lilimgusa. Siku moja ya mapumziko alimwomba Breki ruhusa ya kuingia kwa miguu na mumewe. Alijibiwa hapana, kisha akakabidhiwa kofia ngumu mbili.

Walishuka polepole. Mumewe hakuwahi kufika pale, maana siku zote alikuwa upande wa pili wa mgodi, kazini. Alitembea karibu na tuta, akayashika mawe yake, akachungulia ng'ambo yake, akarudi katikati ya njia. Kwenye kona ya pili alisimama, akanyoosha mikono kupima upana, akatikisa kichwa. Walikaa chini karibu na maji, wakala mikate waliyofunga kwenye karatasi. Pampu ilikuwa ikinguruma juu ya boya lake, na ndege wadogo walikuwa wameanza kutua juu yake.

"Mimi nisingeshuka," mumewe alisema. "Nakwambia ukweli. Ningeumwa mgongo."

Mvua alimpa kipande cha mwisho cha mkate, akamwambia ale haraka, kupanda ni kazi.